Nilivyofunga cooler ya gearbox nyumbani Kitengela, na rafiki aliyeinywesha gari maji ya borehole

Wakuu, salamu kwenu nyote, walio kazini na wanaojifanya wako kazini.

Mimi humu ni msomaji zaidi ya mwandishi. Lakini juzi nimeona watu wakiuliza kama mtu anaweza kufunga cooler ya gearbox mwenyewe nyumbani, nikasema leo nivue uvivu niandike. Haya ni mambo yaliyonipata mimi mwenyewe na sijayatia chumvi. Chumvi mtaikuta mbele, ndani ya maji.

Kwa wasiojua: gearbox ya automatic ina oili yake, na hiyo oili hupoozwa kwa kupitishwa kwenye kipaipu kilicho ndani ya rejeta. Maji upande huu, oili upande ule, katikati ni ukuta mwembamba. Ukitaka gearbox ipoe zaidi, unaifungia cooler yake peke yake, mbele ya rejeta, ipigwe na upepo. Kazi yenyewe ni hiyo tu.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana bila ya zamani huu uzi hauna maana.

Gari yangu ni coupe ya Kijapani, milango miwili, nyekundu. Kampuni siitaji, wenye timu yao wanajijua. Niliinunua nikiwa mwalimu kijana wa fizikia hapa Kitengela, bila mtoto na bila akili.

Wakati huo ukiacha barabara kuu kidogo tu ni nyasi, nyumbu na upepo. Pale nilipokuwa nasahihisha vitabu nikiangalia pundamilia, leo kuna ghorofa na chini yake wanauza chipsi. Sisemi ni vibaya. Watu lazima walale mahali. Nasema tu kwamba nakumbuka, na nikikumbuka naumia kidogo.

Siku ya kwanza mvua kunyesha nikiwa na hiyo gari, ilizama kwenye ule udongo wetu mweusi unaonata kama ugali mbichi. Mtu aliyekuja kunivuta na pickup yake alikuwa Lemayian, mfanyabiashara wa ng'ombe, rika langu, boma lake liko upande wa kwenda Isinya. Kabla ya kufunga kamba alizunguka gari mara kadhaa akicheka.

"Mwalimu, hii kitu tumbo inagusa chini. Nani alikudanganya?"

Urafiki ulianzia hapo, wakuu. Kwenye matope.

Siku za mnada nikiwa sina darasa tulienda naye Kajiado. Yeye anaangalia ng'ombe, mimi nakula nyama. Kiti cha nyuma cha hiyo gari ni cha jina tu, binadamu mwenye miguu hakai, lakini Lemayian aligundua mbuzi anakaa vizuri sana. Rose, ambaye sasa ni mke wangu na wakati huo nilikuwa bado namtongoza, aliikuta harufu siku moja akasimama nje ya mlango.

"Mimi siingii gari ya mbuzi."

Aliingia. Alitandika leso kwanza, lakini aliingia. Nikajua huyu ni wa kuoa.

Shida ya gari ilikuwa moja. Tukirudi na jua kali, kile kipande cha barabara chenye miinuko mirefu, gearbox inapata joto, gia zinaanza kuteleza, injini inalia na gari haiendi. Tunaegesha kando, tunafungua boneti, tunakaa kwenye nyasi tukingoja ipoe. Lemayian alikuwa anapiga hadithi za ng'ombe mpaka unasahau kama umekwama. Hizo saa za kungoja gearbox ipoe ndizo saa nzuri zaidi nilizowahi kukaa katika kaunti hii. Nilikuwa naitamani cooler tangu enzi hizo. Sikuwa na haraka, na sasa mnajua kwa nini.

Halafu nikahamishwa kazi. Kakamega, nyumbani kwetu. Tulikuwa na mtoto, Neema, na coupe haiwezi kubeba familia na magodoro. Nikampelekea Lemayian ufunguo.

"Nichungie," nikamwambia.

Hapa nieleze kitu kwa wale hawajakaa na Wamaasai. Kwao rafiki akikupa mnyama, mnaacha kuitana majina. Mkipeana kondoo, mnaitana Paker mpaka kuzeeka, kwa sababu ya huyo kondoo, ambaye kwao ni ker. Lemayian aliangalia ufunguo mkononi, akafikiria, akasema basi mimi na yeye kuanzia leo ni Pagari. Tulicheka mpaka Rose akatoka nje kuuliza kuna nini. Lakini jina likashika. Hata gari aliipa jina kama ng'ombe: Nanyokie, yaani ile nyekundu.

Miaka ikaenda. Nikipiga simu kutoka Kakamega, salamu zikiisha nauliza, "Nanyokie anaendelea aje?"

"Ako sawa Pagari. Amekunywa maji asubuhi."

Kisha anaenda mpaka kwa banda, anaiwasha, anaweka simu karibu na boneti. Mimi niko kwa veranda, mvua ya Kakamega inanyesha, nasikiliza injini ya gari yangu ikiunguruma Kajiado. Wakuu, kama hujawahi kusikiliza gari kwa simu utaniona mjinga. Sawa tu.

Mwaka huu tumerudi Kitengela. Neema yuko chuo, nyumba imetulia, na kitu cha kwanza nilichofuata ni gari. Lemayian alikuwa ameipandisha kwa mawe ili tairi zisiumie, amefunika na turubai, vioo safi. Bima ilikuwa imekwisha zamani, kwa hivyo tuliileta kwangu juu ya lori la breakdown. Nikasema kabla haijagusa lami, safari hii inafungwa cooler. Lemayian akasema hiyo kazi hatakosa.

Jumamosi akaja mapema. Tukapandisha mbele, tukaweka stendi, tukatoa bampa. Rose akaleta chai. Nikaingia chini nikalegeza paipu ya gearbox pale inapoingia kwenye rejeta, beseni likiwa tayari.

Oili ya gearbox yangu ni nyekundu, inapitisha mwanga. Iliyotoka ilikuwa ya waridi, nzito, kama maziwa ya strawberry yale ya watoto.

Nilijua hapo hapo. Maji yameingia kwa oili. Ule ukuta mwembamba ndani ya rejeta umeliwa.

Lemayian akainama. "Hii ni nini?"

"Ni uzee tu," nikasema. "Gari ikikaa huwa hivi."

Lakini huwezi kumdanganya mtu anayenunua ng'ombe kwa kuwaangalia macho. Akaenda kufungua kifuniko cha rejeta. Mdomoni kulikuwa na ganda jeupe, gumu. Akalikwaruza na ukucha. Kila mtu wa Kitengela anajua hilo ganda, liko kwa birika yako saa hii. Ni chumvi ya maji ya borehole, yale ya kisima kirefu. Liko pia kwa karai ya Lemayian ya kunyweshea ndama.

"Hii ni maji yangu," akasema.

"Pagari, watu wote huku wanaweka hayo maji."

"Mimi nilikuwa naipea asubuhi. Kila siku ya mnada, kabla niende." Alikuwa anaongea polepole. "Nilikuwa naijaza mpaka inafurika, ndio isisikie kiu."

Nikamwambia sio kitu, itatengenezwa. Akapangusa mkono kwa shuka.

"Pole, Mwalimu," akasema, akaenda zake. Chai yake ilibaki imejaa.

Mwalimu. Hakuwa ameniita hivyo tangu siku ya ufunguo. Nilikaa pale kando ya beseni nikahisi kama nimefiwa, na sikuwa nalilia gari.

Simu hakushika. Siku iliyofuata hakushika. Halafu asubuhi moja Rose akafungua gate kwenda kanisani, akaniita.

"Baba Neema, njoo uone wewe mwenyewe."

Kondoo jike, mnene, amefungwa kwa gate yetu na kamba mpya. Hakuna mtu.

Rose ametoka Murang'a lakini ameishi huku vya kutosha, hakuhitaji kuelezwa. Mtu akiharibu mali ya mwenzake, analipa. Akishalipa na wewe ukapokea, mambo yameisha. Hakuna anayemdai mwingine, na kila mtu anaenda kwake.

"Tukimchinja, tumemalizana na Lemayian," Rose akasema. "Tukimrudisha, tumemtukana."

"Sasa?"

"Sasa wewe tengeneza gari kwanza. Mimi nitamkatia majani."

Basi tukafanya kazi, mimi na mke wangu. Wanaotaka mambo ya spana, hapa ndipo penu.

Fundi mmoja niliyempigia, mtu wa gearbox miaka mingi, aliniambia nisipoteze muda. Maji yakiingia, zile sahani za ndani zinaanza kubanduka gundi, na gari ikiendeshwa hivyo safari chache tu kwisha. "Tafuta ingine," akasema. Nilimshukuru, nikaendelea. Nilikuwa na sababu zangu.

Rejeta ya zamani nilitoa yote, nikaweka nyingine. Usijaribu kuiosha, ukuta ukishatoboka umetoboka. Nikashusha sahani ya chini ya gearbox, nikabadilisha filta, nikaijaza oili mpya, nikawasha kidogo, nikamwaga, nikajaza tena. Nilirudia mpaka waridi ikaisha na nyekundu ikarudi. Inakula oili nyingi, jipange.

Cooler yenyewe iweke mbele kabisa, nyuma ya grili. Tengeneza vishikio vya bati nene au alumini, ufunge kwa bolti. Kuna watu wanapitisha zile kamba za plastiki katikati ya mapezi ya rejeta. Acheni, inasugua na kutoboa. Mpira wa kupitisha oili uwe ule wa oili ya joto. Mpira wa petroli utalainika uchomoke ukiwa barabarani. Kila kiungo weka klipu mbili. Pitisha mbali na ekzosi na mbali na kitu chochote chenye ncha.

Mimi nilikata kabisa njia ya kupitia rejeta. Oili inaenda kwa cooler na kurudi, haikutani na maji tena maishani. Najua kuna mkuu ataniuliza inbox kama sehemu za baridi hiyo ni sawa. Limuru na kwingineko kwenye ukungu weka na thermostat yake, oili isibaki baridi sana. Huku kwetu na hili jua, mimi sijaona shida.

Rose alikuwa ananishikia tochi chini ya gari, kama zamani tukiwa hatujaoana. Alikuwa anaishika vibaya, kama zamani. Mwanga wote kwa uso wangu.

"Unaona nini?" ananiuliza.

"Naona wewe."

"Funga klipu, mzee."

Siku ya kuwasha nilikanyaga breki, nikaweka D, nikangoja ule mtelezo. Gari ikashika. Taratibu, safi, kama inanyoosha mgongo. Nikazunguka nayo mtaa wetu, nikapanda ule mlima wa kuelekea kwa tangi la maji. Gia zote ziko. Sindano ya joto niliyoongeza imetulia.

Nilimpigia yule fundi nikamwambia. Akasema labda maji yaliingia karibuni, na labda hii gari haikuwa inaendeshwa. Nikasema haiwezekani, imekaa kwa mtu miaka, lazima alikuwa akiitoa kidogo. Akasema basi hajui.

Nikakata bima. Kisha nikatandika leso kwenye kile kiti cha nyuma, tukampakia kondoo. Rose hakuniuliza naenda wapi. Alisema tu, "Usirudi naye."

Barabara ya Isinya, mkuu, asubuhi, dirisha wazi. Kuna magodauni sasa, kuna nyua za mawe mahali palikuwa hakuna hata waya. Lakini ukivuka majengo, kuna pahali nyasi zinarudi na ile harufu ya vumbi na mavi ya ng'ombe inaingia kwa dirisha, na kwa muda mfupi nilikuwa kijana tena, mbuzi nyuma, rafiki kando. Kiti cha kando kilikuwa kitupu.

Lemayian aliisikia kabla ya kuiona. Nilipofika alikuwa amesimama kwa mlango wa boma, rungu mkononi, haamini.

"Sopa," nikamsalimu Kimaasai.

"Ipa," akaitikia. Macho yakaenda kwa gari, yakaenda kwa kondoo, uso ukafunga. "Umekataa kondoo yangu?"

"Sijakataa. Nimepokea. Huyu ni wangu sasa."

"Sasa umeleta ya nini?"

"Mimi nakaa kwa ploti, sina nyasi. Nimeleta unichungie."

Ndama walikuwa wanalia huko nyuma. Aliangalia chini, akachora kitu kwa vumbi na ncha ya rungu.

"Wewe unaniachia mnyama? Tena?"

"Nimwachie nani mwingine?"

Akaenda, akafungua mlango, akamtoa kondoo mwenyewe, akampapasa mgongo kama anaangalia tulimlisha nini. "Wewe ni mtu mgumu, Pagari," akasema, na mimi nikageuka upande kidogo, kwa sababu ya vumbi.

"Na akizaa?" akauliza.

"Mzao wa kwanza wako. Na maziwa, na manyoya, chochote. Wako."

"Hapo umesema vizuri." Akamwachilia kondoo aende kwa wenzake. "Ya gari hukusema."

"Sikusema nini?"

"Ng'ombe ya rafiki ukiachiwa, unachunga, unakamua, watoto wanakunywa. Lakini mwenyewe anasema: maziwa ni yako. Wewe ulisema 'nichungie,' ukapanda gari ya Kakamega. Sasa mimi ningekamua aje?"

Ilinichukua muda kuelewa, wakuu. Mimi na digrii yangu.

"Hujawahi kuiendesha?"

"Hapana."

"Miaka yote hiyo?"

"Hata mpaka kwa gate." Alisema bila kulalamika, kama mtu anayeeleza mahali maji yanapopita. "Nilikuwa naiwasha, nakaa ndani. Nashika stelingi, naangalia mbele. Hata watoto wangu waliniomba. Nikiona imepata moto, nazima, naifunika."

Huyu ni mtu anayeendesha pickup tangu nimjue. Siku zingine hiyo pickup ilikufa akaenda mnadani na bodaboda, na gari nzima iko kwa banda lake, funguo kwa mfuko. Nilikumbuka zile simu nikaona aibu na furaha kwa pamoja, sijui kama kuna neno la hiyo hali. Na gearbox ndiyo ilipona hapo. Alichokosea kwa maji, alikiokoa kwa heshima.

Nilizunguka gari, nikafungua mlango wa abiria, nikakaa.

"Kamua," nikamwambia.

Alibaki amesimama. Kisha akaegemeza rungu kwa ua, akaingia upande wa dereva, akarekebisha kioo ambacho nadhani alikuwa amekirekebisha mara nyingi bila kwenda popote. Akaweka D. Tukatoka polepole mpaka lami, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akashika njia ya Kajiado.

Kwa ile miinuko nilimwambia akanyage. Akakanyaga. Nilikuwa naangalia sindano ya joto, yeye anaangalia barabara na meno yote nje, hasemi kitu, na Lemayian ninayemjua mimi hanyamazi. Hatukusimama kungoja chochote kipoe. Tulipofika Kajiado hakuegesha. Alipita mji mzima, akageuza, akapita tena.

Basi wakuu, niliyojifunza. Rejeta isinywe maji ya borehole hata kama gari inalia kiu. Weka coolant, ama angalau maji yaliyosafishwa. Cooler unaweza kufunga nyumbani, kama una subira na mtu wa kushika tochi. Na ukimwachia rafiki kitu chako cha thamani, usimpe kazi ya kukilinda peke yake. Mwambie kwa mdomo kwamba akitumie, akifurahie, kwa sababu kuna watu waungwana ambao usipotamka watakaa nacho miaka wakikishika bila kukigusa.

Maswali ya spana niulizeni, nitajibu nikipata nafasi. Lakini wewe unayesoma hapo na kuna kitu chako kiko kwa mtu, ama cha mtu kiko kwako, hebu tuambie ni nini, na kama mlishaongea habari ya maziwa.

Mimi kwa sasa nangoja tu gari. Iko Isinya, na mwenyewe amesema ataileta akitosheka.